Koti la Maikrowevu

3 Machi

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Mungu aliyekufikisha salama. Kabla ya yote, goti linasemaje? Siku ile nilikuona unavyopanda basi, mguu mmoja kwanza, halafu unauvuta mwenzake kama mtoto asiyetaka shule. Ukanipungia mkono na kucheka ili nisione. Niliona.

Mpwa wangu na mtoto mchanga hawajambo? Mimi mzima, cherehani nayo nzima.

Mzigo umefika. Binti yako ameandika juu ya boksi kwa kalamu nene, "Mjomba, usife njaa." Nimelibeba begani kutoka stendi hadi nyumbani, na kila niliyepishana naye ameniuliza, "Fundi, bado uko hai?"

Maikrowevu yenyewe nimeiweka kwenye meza ya dirishani, pale ulipokuwa ukichambulia mchele. Jirani yetu muuza mkaa amekuja kuegemea dirisha. Akauliza, "Moto wake uko wapi?"

"Hauonekani."

"Kitu kinachopikwa bila moto mimi sikili."

Nikamwambia upepo nao hauonekani, lakini kila siku unamkaushia nguo. Akatikisa kichwa. Ila hakuondoka mpaka alipoonja wali.

Wali ulikuwa wa jana, mgumu kama changarawe. Nimeunyunyizia maji kidogo, nikaufunika, nikabonyeza kitufe. Sinia la kioo likazunguka, taa ikawaka, na ulipolia ule mlio wa kumaliza nikatoa wali unaofuka kama umetoka jikoni sasa hivi. Na chai, dada. Unajua chai yangu hupoa nikiwa nashona pindo. Sasa naiingiza tu, naitoa, naendelea.

Kwa hiyo kaa na mjukuu wako kwa raha. Miaka yote hii umenipikia tangu marehemu mke wangu alipotuacha. Pumzika.

Mdogo wako,
Kitindamimba

12 Machi

Kitindamimba wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Umelala salama? Umekula? La pili ndilo nataka jibu la kweli.

Mtoto anakua vizuri, ana mapafu ya mnadi. Goti langu usiliulize. Huku asubuhi ni baridi, linagoma mpaka jua lipande. Namshukuru Mungu kwa lile jingine.

Nimeisoma barua yako nikacheka, kisha nikaisoma tena nikaacha kucheka. Mdogo wangu, kupasha si kupika. Wali wenyewe najua ulitoka hotelini, maana sufuria zangu nilizipanga mwenyewe na huwezi kuniambia ulifika mpaka ya wali. Siku wali wa hoteli ukiisha utapasha nini? Maji?

Sasa nikuambie jambo, na libaki kati yetu. Hapa kuna mtu, wanamwita Fundi Saa. Ni mjane wa kiume, ana kibanda cha kutengeneza saa karibu na tunaposali. Mtu mpole, hana neno lisilo na kazi. Amekuja kwa binti yangu kwa adabu, amekaa kwenye ukingo wa kiti, akaniposa. Nimeomba, nimefikiri, nimeomba tena. Moyo wangu haukukataa. Nakwambia wewe tu.

Lakini nimemwambia nina mtu wa kulisha nyumbani, na ng'ombe halemewi na nunduye. Akaniuliza mtu huyo ana umri gani. Nikamwambia hamsini na mbili. Akakohoa.

Hakunilazimisha. Alisema kusubiri ndiyo kazi yake, saa haiharakishwi. Lakini mimi najua jibu langu, maana najua jiko langu. Mtoto akifikisha miezi mitatu narudi.

Kula, tafadhali.

Dada yako

21 Machi

Dada yangu,

Habari za huko, na za goti? Mimi nipo, na nimekula. Hilo ni jibu la kweli.

Kile kikohozi cha Fundi Saa kimenichoma kuliko sindano, na sindano zimenichoma nyingi. Dada, usimkatalie mtu mwema kwa sababu ya tumbo langu. Sasa sikiliza nipikavyo.

Viazi: naviosha, navitoboatoboa kwa uma ili mvuke upate njia, navigeuza katikati. Vinaiva mpaka vinapasuka vicheko. Mboga za majani naziweka kwenye bakuli na maji kiasi cha kijiko, nafunika kwa sahani. Maziwa nayasimamia kama askari, maana nilipogeuka kutunga uzi yalitoka yakatembea. Maharage nachemsha mengi Jumapili baada ya ibada, kwenye jiko lako la zamani, ndiyo, nimeliwasha mwenyewe. Nayagawa kwenye mabakuli, na wiki nzima kazi yangu ni kupasha.

Kuna yai moja. Nililiweka zima na ganda lake. Lililipuka kama tairi la lori, na muuza mkaa akalala chini uchochoroni akiita jina la mama yake. Kosa la namna hiyo mtu halifanyi mara mbili. Niliweka bakuli la maji na ndimu, nikayachemsha mpaka mvuke ukalainisha kila kitu, nikafuta kwa kitambaa. Sasa jiko lote linanukia ndimu.

Tena nimefanya jambo zuri. Kitu cha heshima hakikai uchi. Redio yetu ina kitambaa chake, viti vina vyao, itakuwaje mgeni huyu akae mtupu mbele ya dirisha, na vumbi lote hili la mkaa? Nimeishonea koti. Pamba ya bluu nje, sponji katikati, bitana laini ndani, marinda kwa chini, na mbele nimeacha nafasi ya mlango. Limebana mbavuni na mgongoni kama suti ya bwana harusi. Silivui hata nikipika, ya nini wakati mlango uko wazi? Wateja wanaokuja kupimwa suruali wanaomba kwanza kuiona. Muuza mkaa amesema mimi nimetafuta mke mwingine. Nikamwambia huyu angalau hanigombezi.

Kwa hiyo mwambie Fundi Saa kwamba mtu wako anajilisha. Nundu imeota miguu, dada.

Mdogo wako,
Kitindamimba

30 Machi

Dada yangu mpendwa,

Salamu. Natumaini hamjambo wote, mkubwa na mdogo.

Naandika mwenyewe kabla hujasikia kwa wateja. Maikrowevu inazimia. Naweka viazi, inazunguka vizuri, halafu katikati inakata kimya, taa na kila kitu. Naiacha, naendelea na kazi, nikirudi imefufuka. Nikiiweka tena, inazimia tena. Nimeangalia plagi. Nimebadilisha soketi. Nimeiombea, na sioni aibu kusema, maana Mungu amewahi kunisikia hata kwa cherehani.

Muuza mkaa ameleta debe la mkaa, bure, akasema ni rambirambi. Jana nimepika kwenye jiko huku nashona, na sasa ile sufuria yako yenye mpini mrefu haina haja ya kusuguliwa tena. Samahani.

Usije. Narudia, usije. Mkate upo, ndizi zipo, na mimi nipo imara. Mwambie Fundi Saa anachostahili kuambiwa.

Mdogo wako,
Kitindamimba

5 Aprili

Mdogo wangu,

Mungu akulinde. U mzima kweli? Mkate na ndizi ni chakula cha safari, si cha mtu aliye kwake.

Barua yako ilipofika nilitoa begi nikalifunga. Nimeliweka mlangoni. Binti yangu aliponiona akakasirika, akasema mjomba ni mtu mzima. Nikampa barua zako asome mwenyewe. Alikuwa ananyonyesha huku anasoma, akafika kwenye lile koti, akaanza kucheka mpaka mtoto akaacha ziwa akamtazama.

"Mama," akasema, "mjomba ameivisha nguo ya baridi."

Ndugu yangu, kitu kile kina matundu ubavuni na mgongoni. Ndiyo pua zake. Kinapofanya kazi kinatoa joto kwa huko, na kikikosa pumzi kinajizima chenyewe kisiungue. Wewe umekifungia sponji na bitana na marinda. Hata wewe nikikuvalisha koti la sponji kisha nikakutia jua la mchana utazimia. Vua hilo koti leo hii, na ukisogeze mbali na ukuta.

Ila begi langu bado liko mlangoni. Nakuja. Nimemwambia Fundi Saa ukweli wote: nitakwenda nione kwa macho yangu, na nikikuta mtu anaishi kwa mkate mkavu, sirudi huku. Hakubisha. Aliniomba saa yangu ya mkononi, ile iliyosimama siku ya harusi ya binti yangu nikaendelea kuivaa kwa urembo. Akasema ataishughulikia, na kama nitarudi nitaikuta inatembea.

Usinipikie kwa kujionyesha. Nitajua.

Dada yako

26 Aprili

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu na nyumba nzima inakusalimu. Ulifika salama? Goti lilivumilia safari?

Tangu uondoke nimekuwa nikifikiria mambo niliyoyaona ulipokuwa hapa, ukidhani niko kwenye cherehani. Nilikuona ukipekua ndoo ya takataka kutafuta maganda ya mkate. Nilikuona ukifungua mabakuli ya maharage moja moja ukiyanusa kama ofisa wa afya. Nilikuona umesimama mbele ya maikrowevu, nayo iko uchi kama ilivyozaliwa, ukaipapasa ubavuni kuhakikisha inapumua. Nikashona pindo la suruali upande wa nje kwa ajili ya kukutazama. Imebidi nilifumue.

Mezani ulisema chumvi imezidi, kisha ukaongeza sahani ya pili. Nikakupakulia. Nimejifunza kwako.

Lakini lililobaki moyoni ni lile la mchana. Uliniuliza koti limekwenda wapi, na nikaleta kifuko. Sponji na bitana nilivitoa, nikabakiza pamba tupu. Nikajaza mchele mkavu, nikafunga kwa mshono wa mkono, bila zipu wala kifungo, maana chuma na mashine ile haviivi chungu kimoja. Nikakipasha kidogo pamoja na kikombe cha maji pembeni, nikakijaribu kwanza kwenye shingo yangu, kisha nikakuwekea kwenye goti. Ukasema, "Wewe, nani kakufundisha?" Kabla sijajibu ukalala. Umekaa kwenye kiti, jikoni, mchana kweupe, kinywa wazi.

Dada, miaka yote hiyo sijawahi kukuona umekaa jikoni humo. Nilikuwa naingia, nakuta umesimama, nachukua sahani yangu, natoka. Nilirudi kwenye cherehani nikashindwa kutunga uzi.

Asubuhi ulipanda basi kwa miguu yote miwili. Ukanipungia mkono, na safari hii hukucheka. Hukuniambia pia utamjibu nini mtu yule. Nami sikuuliza, niliona si mahali pake, mbele ya kondakta.

Basi nasema hapa. Chumba chako nimekitandika, na kitabaki kimetandikwa. Siku yoyote ukitaka kuja kunisalimu, njoo, utakula. Lakini usirudi kwa ajili ya sufuria. Ile yenye mpini mrefu, hata hivyo, imeshakufa.

Kitambaa cha koti kilibaki. Nimeshona kifuko cha pili, nakituma na barua hii. Kile ulichoondoka nacho kikiwa kwenye goti, hiki kinapata joto kwenye maikrowevu ya binti yako. Muuza mkaa naye ameagiza cha mgongo. Amesema bado hakiamini kisanduku, ila mgongo wake unakiamini.

Mdogo wako,
Kitindamimba

4 Mei

Kitindamimba wangu,

Salamu za upendo, na shukrani nyingi. Sikuulizi kama umekula.

Kifuko cha pili kimefika. Binti yangu amekipenda, nikamwambia asikiguse. Goti linakushukuru, jana limenipeleka kwenye ibada na kunirudisha bila malalamiko.

Saa yangu inatembea. Nilimkuta Fundi Saa ameitundika kwenye msumari peke yake, mbali na za wateja. Niliivaa hapo hapo kibandani.

Sasa kuna kazi. Kuna mtu hapa anahitaji suti, na amesema hatashonewa na fundi mwingine hata akiletewa bure. Binti yangu ameshika futi, mimi nimeandika. Alisimama kimya kama mtoto anayepimwa sare ya shule. Bega ni kumi na nane, kifua arobaini, mkono ishirini na tatu, suruali urefu arobaini na moja, kiuno thelathini na nne ila umwachie nafasi kidogo, maana ameanza kula kwetu. Rangi amesema uchague wewe. Mimi nimeomba iwe bluu, ile ile, kama duka bado lina kitambaa cha namna hiyo kilicho kizito kidogo.

Ila koti lake lisibane sana mbavuni. Huyu naye nataka apumue.

Angalia kama kitambaa kipo na kitatosha, kisha unijibu upesi.

Dada yako