Kilimia Inatembea

Mangobo, Kisangani

Kwa mudogo wangu Sakina,

Salamu zangu zikufikie hapo Kasongo ukiwa umekaa, maana ukizisoma umesimama utaanguka. Tuko wazima. Yule mutu wa treni aliyewaambia nimekufa ni muongo. Ningekufa mungesikia kelele mpaka huko. Na wewe je? Muguu umepona, ao bado unaupaka mawese na kunung'unika? Shemeji anakohoa? Mumupe asali, mumunyang'anye tumbako.

Bon. Neno la kwanza ni hili: Zaina hatakuja huko kuolewa. Najua tulikubaliana. Ni mimi mwenyewe niliandika kwamba mujukuu wangu ana miaka kumi na ine, masomo ya masere, wale masista wa misioni, yanamuharibu kichwa, mumutafutie bwana. Bwana mulimupata. Mumuambie asante, atafute kwingine. Sababu ninakupa, soma yote mbele ya kukasirika.

Unakumbuka babu yetu, aliyekuja na misafara kutoka pwani, namna alivyotuonyesha Kilimia: zile nyota ndogo zilizobanana kama konzi ya mupunga. Alisema jina lake linatoka kwa kulima. Kwao pwani ndiyo inayowaambia washike jembe. Huku kwetu mvua haiombi ruhusa kwa nyota, lakini tuliifuata vilevile, kwa heshima yake. Na alisema Kilimia iko upande wa Kibla. Yale mawe ya kusalia hapo uani kwenu aliyapanga akiiangalia. Neno hilo nimelishika miaka sitini.

Donc, vita ilipoingia Mangobo, waasi chini, ndege juu, nilimuchukua binti yangu Mariamu, mimba ya miezi minane, na Zaina huyo, mutoto wa marehemu mwanangu. Tulitaka kufika kwenye shamba letu la mupunga, mashariki, karibu na mto Tshopo. Bwana wa Mariamu alikuwa ametangulia, na mukunga alikuwa huko. Tuliacha barabara kwa sababu ya watu wa bunduki, tukaingia pori. Siku ya pili tulipotea. Miti, ukungu, mawingu; jua hatukuliona hata kidogo.

Alfajiri moja tulikuta shamba lililoachwa, na mbingu imefunguka kidogo. Nikaona Kilimia, chini, karibu na vichwa vya miti. Nikashukuru Mungu. Kibla ndiyo hii, mashariki ndiyo hii! Tukasali tukiielekea, kisha nikashika njia ya upande uleule.

Zaina akasema polepole, "Bibi, saa hii Kilimia inazama. Ule ni magharibi. Shamba letu tunaliacha mugongoni."

Nikamuuliza kama masere wamekuwa mashehe siku hizi. Nikamuambia afunge kinywa, nguvu zake zibebe sufuria. Akafunga. Tukatembea, Mariamu akijishika kiuno, na mchana tukatokea wapi? Kwenye lori lililoungua, lile tulilolipita siku ya kwanza. Mariamu akakaa chini akalia. Mimi nikalaumu miti, na wewe unanijua.

Jua lilipokwisha kuzama, mbingu ikasafika. Zaina akanishika mabega, akanigeuza kama mutu anavyogeuza mutoto mudogo. Kilimia ilikuwa inatoka upya, upande mwingine kabisa!

"Ni ileile, Bibi. Inatembea kama jua. Babu yenu hakudanganya, aliiangalia jioni."

Tukangoja kama saa mbili, zikatoka zile nyota tatu za musitari. Nikamuambia hizo ninazijua: muwindaji, mbwa wake na nyama wanayemufukuza. Akacheka. Kumbe Wayunani wa zamani nao waliona muwindaji, ila kwao zile tatu ni mukaba wake tu, yeye mwenyewe ni mukubwa, ana mabega na miguu. Sakina, nilishangaa. Watu wasiojuana, wasiotumiana hata salamu, wote waliangalia palepale wakasema: muwindaji. Nikamuuliza ni nani aliyeziweka pamoja. Akasema nyota zile ziko mbalimbali sana, nyingine nyuma ya nyingine, huku chini ndiyo tunaona kama ni ndugu. "Hazijuani, Bibi. Ni watu walizifunga pamoja, wasipotee."

Zile tatu, alisema, zinatoka mashariki sawasawa. Akachukua fimbo yangu akailaza chini kuzielekea. Asubuhi ukungu ukarudi, lakini fimbo haikuhama. Akatangulia, akivunja matawi kuwa alama, akigeuka kila mara kuangalia kama yamepangana musitari mumoja. Mimi nilifuata. Ndiyo, mimi.

Tulifika kesho yake mchana. Jioni Mariamu alizaa, na mukunga alisema mutoto alikuwa amelala vibaya. Porini tungewazika wawili. Ni musichana. Tumemuita Sakina, kwa hiyo usinikasirikie kwa sauti kubwa.

Masere wamekimbia, lakini mwalimu mumoja wa hapa Mangobo anafundisha watoto kwenye baraza yake. Zaina anaenda kila siku. Akichelewa, fimbo ni ileile.

Unisalimie shemeji, wifi yetu muuza chumvi, mama mukubwa asiyesikia (mumupigie kelele), na yule bwana aliyekosa muke. Mumuambie si kosa lake.

Sasa swali moja, ulijibu wewe peke yako. Mutafute muzee anayekumbuka: yale mawe ya uani, babu aliyapanga jioni ao alfajiri? Kama ni jioni, uniandikie upesi. Kama ni alfajiri, uyageuze pole pole, jiwe moja moja, na shemeji asijue.

Ni mimi dada yako mukubwa, ninayeona bado,
Zaituni