Riwaya za Elena

Jumamosi, 3 Mei 2003
Nimesahihisha insha thelathini na mbili tangu alfajiri. Saa nne kikao cha kamati ya ajira. Faili la kwanza la Elena, mwalimu mwenzangu kutoka Mexico. Miaka mitatu tunasomesha fasihi pamoja chuoni. Riwaya nne, vitabu viwili vya uhakiki. Mkuu wa idara kazisukuma riwaya pembeni ya meza kama sahani chafu. "Hizi hadithi tu. Hata hivyo vya uhakiki, nani anavijua?" Hakuna aliyejibu. Hata mimi.

Jumapili, 4 Mei
Nna hasira. Mkuu hajazisoma riwaya zile. Hata kuzisoma hawezi, zimeandikwa Kihispania. Wanafunzi wanamfuata Elena kwa maswali mpaka kwenye gari. Mkuu hafuatwi hata mlangoni.

Jumanne, 6 Mei
Barua imetoka. Mkataba wake hauongezwi. Unakwisha mwisho wa mwezi, hata muhula hawamwachii amalize. Sababu: uhaba wa machapisho. Vitabu sita!
Elena kaniuliza nilisema nini kikaoni. Nikamwambia sikusema kitu. Kaisoma barua mara ya pili, akaikunja. Bora angenitukana.
Faili la pili mezani lilikuwa langu, la kupandishwa cheo. Ndiyo sababu. Nimenyamaza kwa tamaa.

Jumatano, 7 Mei
Nimekataa kutia saini muhtasari wa kikao. Mkuu kafunga mlango. "Nyinyi Wazanzibari maneno mengi. Unataka nini?" Nikamwambia nataka iandikwe kwamba vitabu sita vilikuwa mezani na hakuna aliyevifungua, mimi nikiwemo. Akasema cheo nikisahau.
Sawa.

Ijumaa, 9 Mei
Mtaa wa Khuwair, nyumbani kwa Mama. Kaniona nimevimba kwa hasira, kauliza. Nikamhadithia yote. "Ungesema siku ile ile, mwanangu," akasema, akaendelea kumenya vitunguu. Nilimkasirikia njia nzima kurudi. Kwa sababu ni kweli.

Jumapili, 1 Juni
Asubuhi nimempeleka Elena uwanja wa ndege. Masanduku mawili, moja vitabu vitupu. Kapata kazi chuo cha mji wake. Atasomesha asubuhi, ataandika jioni. Kwenye foleni kaniambia riwaya ya tano keshaianza, kwenye vikao vya idara, mkuu akihutubia. Alicheka. Nami nikacheka, kisha nikamuomba radhi. Kanishika mkono.
Saa sita nimeingia darasani kwake, kumalizia muhula wake. Wanafunzi wote walikuwepo. Nikauliza mwalimu wao ameishia ukurasa gani.