Shemeji Amefuta Onyo la Mteja Kwenye Blogu Yetu

Mpendwa Shangazi, nishike mkono kabla sijamrushia mtu nyundo. Mimi ni fundi viatu, nashona viatu vya shule, mume wangu ndiye anayesimamia duka, na blogu ya biashara niliianzisha mwenyewe, naandika namna ya kupima mguu wa mtoto na kutunza ngozi, na chini ya kila makala wasomaji walikuwa wakiacha maoni, wengine wanauliza, wengine wananikosoa, na nilifaidika, sikatai, mpaka alipoingia mtu asiyejulikana akaanza kunivua nguo hadharani, mara mwanamke mwenye nyundo kamkalia mumewe kichwani, mara mikono yangu ina magamba, mwisho akamgusa marehemu mama yangu, Shangazi, nililia juu ya cherehani mpaka ngozi ikalowa.

Mume wangu akamkabidhi kazi ya kuangalia maoni mdogo wake, shemeji yangu, tunamwita Mtaalamu kwa sababu anajua kila kitu isipokuwa kuamka mapema. Nikamwambia, "Shemeji, nisafishie uchafu huu." Kweli ukatoweka, kila nikifungua nakuta sifa tupu, "fundi hana mpinzani", "viatu bora", roho ikanitulia, kumbe nusu ya sifa hizo anaziandika yeye mwenyewe huku anakunywa chai yangu!

Juzi akaingia mama mmoja dukani, kambeba binti yake mgongoni, msichana mkubwa wa shule, si wa kubebwa tena, mguu mmoja umefungwa bandeji. Hakunisalimu. Akaweka kiatu mezani mbele ya wateja.

"Tia mkono humo ndani," akasema.

Nikatia. Msumari wa kisigino ulikuwa umechomoza kupita bitana, kidole changu kikatoka na damu.

"Dada yangu, pole, sikujua," nikasema.

"Hukujua? Jirani yangu aliandika kwenye blogu yenu kuhusu msumari huuhuu, mkamfuta! Akaandika tena, mkamfungia kabisa! Mimi sikujua, nikasoma sifa zenu, nikanunua. Lile onyo lingeachwa pale, ningemvalisha mwanangu kiatu hiki?"

Nilimpeleka mtoto kwenye zahanati mwenyewe, nikarudi nimewaka moto, nikamshika Mtaalamu.

"Shemeji, ulisema nisafishe," akanijibu bila hata kuinua macho kwenye simu. "Tusi na lalamiko si yote yanaharibu jina?"

Nikadhani mume wangu atanitetea, naye anasema tuifunge sehemu ya maoni moja kwa moja na tusilitaje jambo hili popote, eti biashara haijengwi kwa midomo ya watu. Viatu vya aina ile nimeshaviondoa rafuni. Lakini blogu ndiyo inayoninyima usingizi, nikifunga maoni nitaonekana naficha, nikiyafungua yule mtukanaji atarudi kumchezea mama yangu kaburini. Nifunge au nifungue?

Fundi Aliyechafukwa Roho

SHANGAZI ANAJIBU:

Pole, mwanangu, kwa habari ya mama yako. Mtu anayejificha nyuma ya jina la uongo ili atukane marehemu hana haki ya kukaa sebuleni kwako, na blogu ni sebule yako. Huyo mfute bila kumwomba ruhusa, akirudi mfute tena, wala usimjibu neno.

Sasa nikugombeze. Umeniandikia kwa urefu kuhusu maoni, na kuhusu viatu umenipa sentensi moja: umeviondoa rafuni. Vya rafuni havimchomi mtu! Vile ulivyokwisha kuuza viko wapi? Viko miguuni mwa watoto wa watu, nawe unaniuliza habari za blogu! Nimekasirika, na nimeirudia barua yako nikitafuta mahali uliposema umewapigia wateja, sikupaona.

Mumeo anataka kimya. Mwambie mficha maradhi kilio humuumbua, na safari hii kilio kimeshaingia dukani kimebebwa mgongoni. Huyo Mtaalamu, mnyang'anye ufunguo wa blogu leo, na zile sifa alizozitunga azifute mwenyewe mbele yako, moja moja, aone aibu. Lakini usimtwike mzigo wote. Wewe ndiye uliyempa ufagio bila kumwonyesha takataka, naye akafagia hata sahani. Lalamiko la jirani lilikuwa kazi ya bure aliyokufanyia mtu aliyetumia muda wake kukuokoa, mkamfungia mlango.

Kwa hiyo fungua maoni, nawe uwe mlinzi wake. Kila mtu aandike, lakini yasionekane mpaka uyasome. Tusi, tupa. Lalamiko liweke lilivyo, hata likikuchoma, na chini yake ujibu umefanya nini. Ukishindwa kupata nafasi ya kuyasoma, basi hapo funga, na uweke namba ya simu inayopokelewa na mtu, asiwe Mtaalamu.

Hayo yote yafuate baada ya haya: piga simu kwa kila aliyenunua viatu vile, usiyempata mfuate mtoto wake shuleni, na uandike kwenye blogu leo hii, kwa maneno yako na bila kuzungukazunguka, kwamba kisigino kina kasoro, visivaliwe, virudishwe. Mumeo akinuna, anune. Yule jirani mliyemfungia, nenda kwake kwa miguu yako umwombe radhi.

Gazeti liweke chini sasa. Kuna mtoto huko anafunga kamba za kiatu chako.