Kushoto Ndiko Alikoketi Chenge

Nyakato, Mwanza

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta unatembea vizuri na mguu umepoa. Mama naye hajambo? Huku kwetu tunapumua. Mke wangu Princess anawasalimu, na mtoto ameota meno mawili, anamng'ata kila anayemkaribia. Mkono wangu umefunguliwa plasta juzi.

Ningepiga simu, lakini wewe hupendi kusikiliza mpaka mwisho, nami ningepata kisingizio cha kukata.

Nimesikia mlinifanyia ibada ya shukrani, na mchungaji akasema Mungu ameniokoa na uzembe wa dereva mwenzangu. Chenge mzembe! Mtu aliyeendesha malori miaka kumi na tisa bila kukwaruza hata kioo. Tulikuwa tunatoka Dar es Salaam na shehena ya mbolea, tunapokezana usukani. Pale juu ya mteremko wa Sekenke alisema, kama alivyosema kila safari, kwamba gia inayopandisha mlima ndiyo ya kuushukia: uiweke ndogo kabla hujaanza kushuka, injini ilishike gari, mguu upumzike kukanyaga breki.

Siku ile gia haikupunguzwa. Basi lilikuwa nyuma linapiga honi, na kulikuwa na hamu ya kufika nyumbani mapema. Lori likashushwa kwa breki tupu. Katikati ya mteremko matairi yakaanza kutoa moshi, breki inakanyagwa na gari halisikii. Ndipo ikatafutwa gia ndogo, lakini kwa mwendo ule haikuingia, ikabaki inasaga tu. Mbele yetu palikuwa na gari dogo limejaa watu. Lori likaegemezwa kwenye mwamba, upande wa kushoto, likasimama. Waliotutoa hawakukumbuka nani alikuwa kiti gani. Chenge alikuwa ameshakata roho.

Tulimzika kwao Misungwi. Shemeji Teodora, mjane wake, hakunitazama. Watoto shuleni wanamwambia binti yake kwamba baba yake aliua gari la watu. Baada ya maziko mama yake Chenge, bibi wa watu aliyechoka, alinifuata nilipoketi, akapiga magoti, akaniomba msamaha kwa niaba ya mwanawe ambaye nusura aniue. Nami, Baba, nikamwambia nimemsamehe.

Nimekuwa naandika kana kwamba lori lilijiendesha. Mimi ndiye niliyekuwa naendesha. Aliniambia nipunguze gia, nikamcheka kwamba anashuka kama bibi harusi. Breki zilipokwisha, yeye ndiye aliyepaza sauti niliegemeze kushoto kwenye mwamba. Kushoto ndiko alikoketi. Askari waliponiuliza hospitalini, nilimtaja yeye, kwa kuwa hawezi kujibu.

Sina usingizi wala uso. Kesho asubuhi nakwenda Misungwi kwa mama yake, nikapige magoti mimi. Nikitoka hapo nakwenda polisi. Princess anajua, analia lakini hakunizuia. Nakuomba umchukue yeye na mtoto wakae kwenu, maana sijui nitakaa huko muda gani. Na mchungaji umwambie Jumapili asimame tena, alitaje jina la Chenge vizuri mbele ya watu walewale.

Msalimie Mama, umwambie taratibu. Wasalimie Agutu na wote wa nyumbani.

Ni mimi mwanao, niliyeshika usukani,
Jairo Otuoma