Redio Iliyozikwa Kwenye Mpunga

Jumapili, Ifakara. Mvua imekatika tangu asubuhi na jua linachoma. Nina hasira mpaka chakula nimekiacha.

Ijumaa maji yaliingia chumbani kwetu nikiwa kibaruani, upande wa Mofu. Redio kaseti yangu ililoa yote. Ndani yake kulikuwa na kanda ya mama, salamu alizorekodi Maswa mwaka uliofuata baada ya mimi kuja huku, maana hakujua kuandika. Mama alishafariki. Sauti yake nyingine sina.

Saidi, ninayeishi naye chumba kimoja, alirudi kabla yangu. Akaichukua redio ikichuruzika, akaizika kwenye gunia la mpunga ili ikauke. Siku mbili nimeitafuta; leo ndiyo ananionyesha, anatabasamu kabisa.

"Kaka, simu yangu ilipona hivyo hivyo."

"Simu uliiweka kwenye mchele. Huu mpunga, una vumbi na makapi."

"Si ukikobolewa unakuwa mchele huo huo?"

Niliyomjibu sitayaandika hapa.

Shule niliishia darasa la tano, lakini redio nimefungua nyingi. Nikashika bisibisi na kisu cha jikoni. Skrubu zimeanza kushika kutu. Karatasi ya spika imelainika kama ugali wa jana. Makapi yamejaa kwenye gia, yameganda na tope, na utepe wa kanda umejiviringisha kwenye kigurudumu cha mpira. Hapo unatakiwa ukizungushe kinyumenyume, polepole, utepe ujiachie wenyewe. Hilo nalijua vizuri. Ila kwa hasira, nikavuta.

Ukakatika.

Saidi akasema chinichini, "Hapo si mimi, kaka."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumpiga kwa sababu alisema kweli.

Miaka yote hii nilijiambia nitaihamishia sauti ya mama kwenye simu. Kila Jumapili nililala. Nilichoka, ndiyo, kazi ya jembe inachosha, lakini uchovu haukunizuia kwenda kuangalia mpira.

Kesho nitaomba ruhusa nimpelekee fundi pale stendi. Ataunganisha utepe kwa gundi. Kipande kilichosagika kwenye gia, kama urefu wa kidole, ndiyo basi tena.

Tangu mchana nakaa najaribu kukumbuka kwenye kipande hicho mama alikuwa anasema nini. Alikuwa anaita jina langu, au anakohoa tu?

Nimeisikiliza miaka mingi, na sijui.