Habari Niliyoizungusha Uhispania

La Rochelle, Johannesburg
Jumanne, 10 Juni

Dada Capitoline mpendwa,

Jean-Claude amekata tiketi. Ameniambia mwenyewe kwa simu leo asubuhi kwamba atatua Bujumbura Alhamisi tarehe 19. Kwa hiyo matanga ya Baba yaanuliwe Jumamosi tarehe 21 kama mlivyopanga. Msiahirishe tena.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mgongo umetulia tangu wageni wa msiba walipopungua. Sisi hapa tuko salama. Wifi yako Marcelline anakusalimu, baridi imemrudishia kikohozi, lakini saluni hafungi. Mwanetu Gaël naye anakusalimu, kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia tu. Barua anakuletea Nasra, jirani yetu anayeuza vitenge Newtown. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako husikilizwa na ua mzima, na haya ni yako peke yako.

Umeniuliza mara tatu nilimketisha wapi ndugu yetu nilipomwambia. Nakujibu kwa mpangilio.

Ulinituma jambo moja. Baba alikufa tarehe 2 Mei. Jean-Claude anaishi peke yake Perpignan, na kwetu mtu aliye peke yake hapigiwi simu ya msiba. Husubiriwa awe chini ya paa, akae, anywe maji, awe na mtu wa kumshika, ndipo aambiwe. Mimi nilikuwa na mkutano wa waandishi Barcelona, mwendo wa saa mbili kutoka kwake. Mpango wako ulikuwa mzuri: mkutano ukiisha niende kwake, nimwambie sebuleni, nibaki naye wiki.

Mkutano ulipoisha nilimkuta nje ya hoteli na gari la kukodi lililojaa mahema, jiko la gesi na viti vya kukunja. Alisema nyumba yake inapakwa rangi, haingiliki, na kwamba ndugu ambao hawajaonana miaka kumi na moja hawakai ndani kama wagonjwa. Nilimwambia napendelea nyumba. Alinicheka, akasema Joburg imenilainisha: mtoto wa Mtabila leo anaogopa hema! Nilimkumbusha kwamba kambini Mtabila tulilala hemani kwa sababu hatukuwa na kwingine. Alikuwa amekwisha washa gari.

Siku tisa, Dada. Lleida, Teruel, Cuenca, na vijiji vyenye kanisa moja na mbwa watatu. Kila asubuhi niliapa kwamba jioni nitamwambia, na kila jioni hapakuwa na paa. Teruel upepo uling'oa hema letu likaenda kukaa kwenye uzio wa kondoo. Cuenca nilikodi chumba juu ya mkahawa kwa ajili ya kazi yako tu. Alikataa kupanda ngazi, akasema vigingi amekwisha pigilia na mimi niache ubwana. Nilipoamua kumwambia hapohapo, kwenye kiti cha kukunja, Mholanzi wa hema la jirani alivuta kiti chake na mkewe na mbwa wao, wakatueleza bei ya matairi mpaka wakachoka. Jean-Claude aliwaongezea kahawa. Eish, nilitamani kumpiga.

Kila Ijumaa nasoma matangazo ya vifo redioni, majina ya watu nisiowajua, na sijawahi kukwama. Hili moja nililibeba kilomita elfu mbili bila kulitamka.

Sasa sikiliza. Siku ya nne, tukiwa barabarani, Jean-Claude alikuwa akiuliza habari za nyumbani. Aliuliza mgongo wako, mumeo, fundi cherehani wa mtaa wa nne, hata yule mbuzi wa jirani anayekula nguo. Habari za Baba hakuuliza. Nilirudi nyuma kichwani siku zote nne: hakuwa amemtaja hata mara moja. Nimehoji watu miaka ishirini na mbili, na swali lisiloulizwa nalisikia. Nilijua kwamba anajua.

Kosa langu ni la baada ya hapo. Ningeweza kumwambia asimamishe gari. Nilinyamaza siku tano zaidi. Nilioga naye mtoni, tulichoma samaki, nilicheka mpaka mbavu zikauma, na kila nilipomaliza kucheka nilijichukia. Desturi haikuwa inanizuia tena. Nilitaka tu siku chache zaidi ambazo matanga hayajaanza. Unajua kwamba karatasi zangu za ukimbizi haziniruhusu kukanyaga Burundi. Sikumzika Baba, na matanga yake sitayaona.

Uwanja wa ndege wa Barcelona ndipo aliposema. Aliona picha ya jeneza kwenye simu tarehe 4 Mei, kaiweka mtoto fulani wa ukoo. Alikuwa kazini, kwenye tanuri la mikate, amesimama na trei mikononi, na hakukuwa na mtu wa kumshika. Alijua nitakuja na habari, na alijua sitaisema njiani. Ndiyo maana alikodi gari. Nyumba yake haikuwa ikipakwa rangi yoyote.

Mimi sikumwambia kitu, Dada. Siku ile nilikuandikia kwamba Jean-Claude anayo habari. Sentensi ile ilikuwa ya kweli, na niliiandika hivyo ili udanganyike. Nisamehe.

Leo asubuhi ameomba jambo moja: asipokelewe kama mtu anayejua. Anataka aambiwe na wewe, ndani ya nyumba ya Baba, kama watu wanavyoambiwa.

Wasalimu shemeji na watoto, na wote waliokesha nanyi. Wazuie wasimlilie uwanjani. Ndege inatua saa nane mchana. Mfikishe nyumbani Buyenzi, mketishe, mpe maji. Nakadiria itakuwa saa kumi, na saa yenu na yetu ni moja. Kabla hujafungua mdomo, nipigie, uweke simu mezani. Nitakuwa nimekaa.

Mdogo wako,
Balthazar