Watoto wa Marehemu Wasimame

Shangazi,

Arobaini yako ilikuwa jana. Nakuandikia nikiwa katika kota za magereza, nyumbani kwa jirani yetu Mama Night, na mikono yangu bado inanuka pilau ingawa nimeinawa kwa sabuni ya kufulia. Pilau yenyewe haikuwa mbaya. Ubaya ulikuwa kwa walioila.

Nianze na mazishi. Walikupeleka kijijini Busiu, nyuma ya migomba ya babu. Baada ya dua, mwenye kipaza sauti akasema kama wanavyosema kwenye kila msiba, "Watoto wa marehemu wasimame tuwaone." Unanijua mimi na kusimama mbele ya watu, hata darasani najibu nikiangalia dawati. Lakini magoti yangu yalikuwa yameshaanza kunyooka. Mkono wa Baba Mkubwa ukanikandamiza bega. "Kaa. Baba yako anajulikana. Huyu hakuacha mtoto." Akapunga mkono, "Ruka hapo, ita ukoo." Ukoo ukasimama, wengi mno. Karibu wote sikuwahi kuwaona mlangoni kwetu Mpumudde, hata ulipolazwa.

Tangu Baba afariki na mama aliyenizaa aolewe kwingine, nani alinilea kama si wewe?

Unakumbuka kile kitabu cha sosholojia nilichoazima maktaba ya shule? Nilikusomea huku ukishona mashati ya sare, ukisimamisha cherehani kila nilipofika penye neno gumu. Wataalamu wa kwanza wanasema familia ni kama kiungo cha mwili: inalisha, inafunza watoto, inatuliza wakubwa, na jamii nzima inapata uzima. Ukauliza, uzi ukiwa mdomoni, "Na huyo aliyeandika, nani alikuwa anampikia?" Wengine wanasema familia ipo ili mali isitoke nje ya damu. Ulicheka hadi ukakohoa. "Huyu amefika Busiu!" Wa mwisho wanasema kazi ya mwanamke nyumbani huitwa upendo ili isilipwe. Hapo hukucheka. Ulikanyaga cherehani, mshono mmoja mrefu, kisha ukasema, "Soma tena hapo."

Jana kitabu kizima kilikuja sebuleni kwetu, kimevaa kanzu.

Waliingia na mifuko mitupu. Shangazi, sijui kinyaa kingine kama kile. Mke wa Baba Mkubwa alikuwa amejifunga kitenge chako cha kijani, kile cha Idi, na mafuta ya nyama yakimdondokea mapajani. Mmoja alifuta vidole kwenye pazia ulilodarizi. Mwingine alijaribu viatu vyako, vikambana, akavitukana viatu. Nilitoka nje nikatapika karibu na pipa la maji. Niliporudi walikuwa wanagawana. Baba Mkubwa, kijiti cha meno kikicheza mdomoni, akasema kwa pumzi moja:

"Cherehani iende Busiu, na huyu msichana aende nayo. Mke wangu ana watoto wadogo, atamsaidia. Shule amesoma ya kutosha. Sisi ndio familia yake."

Mimi na cherehani. Kwenye gari moja.

Nikasimama. Hakuna aliyeniita.

"Wewe unataka nini?"

"Mliuliza watoto wa marehemu," nikasema. "Ni mimi."

Sauti ilitoka ndogo, ya kutia aibu. Mtu akacheka, "Kumbe bubu anaongea!" Baba Mkubwa akasema kaa chini. Akasema tena. Sikukaa. Ndipo Mama Night akaingia kutoka uani alikokuwa anasugua masufuria, povu hadi viwikoni. Unakijua Kiswahili chake cha kambini, kila mwanamume kwake ni afande.

"Afande, hii mtoto iko na mama. Mama yake nyinyi mulizika. Sasa itakaa kwangu, itasoma."

"Na wewe ni nani katika ukoo huu?"

"Mimi? Mimi nilikuwa naosha yeye hospitali. Wewe ulikuwa wapi, bwana?"

Kijiti kikaacha kucheza. Shehe aliyetusomea dua akasema mtoto asilazimishwe. Ilitosha.

Cherehani imekwenda. Kitenge kimekwenda. Hata pazia, na uchafu wao juu yake. Mimi nimebaki, na Jumatatu naenda shule.

Nimefikiri sana kuhusu wale wataalamu. Wa kwanza hawakukosea kuhusu kazi. Kulisha, kufunza, kutuliza: ulizifanya zote, mguu wako ukiwa kwenye cherehani. Walikosea kudhani kwamba kila anayejiita familia anazifanya.

Ulinikataza kukuita mama. "Mama yako yuko hai, usimwibie jina lake." Nilitii miaka yote hiyo, na jana mbele yao nikavunja amri yako. Nadhani ungeninunia mpaka jioni, halafu ungeniwekea ukoko wa wali.

Nakuahidi nitamaliza shule. Likizo nitakuja Busiu kung'oa majani juu yako, wapende wasipende, na Mama Night amesema atanisindikiza na jembe lake. Na waulize tena wakati wowote, kwenye msiba wowote, watoto wa marehemu wako wapi.

Lala, Mama. Mimi bado nimesimama.

Shamim wako